Jumamosi: mizani na kurekodi video

Habari zenu ndugu zangu, makocha na wazazi.

Ile siku yetu ya Jumapili ya kupima uzito na kurekodi video za wapiganaji wa MMA (mchanganyiko wa ngumi, mateke na mieleka) imehamishwa, ukumbi una harusi. Tukutane Jumamosi saa 1:30 asubuhi, palepale Katwe.

1. Mizani kwanza. Uzito wa flaiweti mwisho kilo 56.7, wa bantamu 61.2. Juzi kuna mtu alipanda na viatu, tukacheka. Promota, yule anayeandaa mapambano, hatacheka.
2. Raundi tatu za dakika tano, zinarekodiwa bila kukatwa. Promota anayetafuta mpiganaji wa kumpa mkataba anataka akuone umechoka, umebanwa chini, unavyojinasua. Ile ngumi moja ya kuangusha kila mtu anayo kwenye simu yake.
3. Mchango shilingi 15,000 (mpiga video na vifaa vya huduma ya kwanza), umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.
4. Kinga ya meno kila mtu yake. Kuazimana hapana jamani!

Mkataba hatujapata, sawa. Mpiganaji Francis Ngannou naye alichimba mchanga Kameruni, na mwaka 2021 akavaa mkanda wa ubingwa wa UFC, ligi kubwa ya MMA duniani.

Naomba kila mpiganaji aandike "NIPO" na uzito wake wa leo, mwisho kesho saa 2 usiku. Asiyejibu, nafasi yake nampa mwingine.