Mwanangu, kapime kwanza

Unaondoka kesho kutwa kwenda kwenye hiyo kazi na bado hujaniambia umepima ile jeni ya ugonjwa wa kaka yako au hujapima. Na sitaki ile "ntaona mama". Hayo mabaka mashavuni niliyaona jana ulivyotoka juani, ukageuza uso haraka, mi ndo niliyekuzaa bwana.

Daktari wa kaka yako alieleza yote, we ulikuwa unachezea simu. Ugonjwa wake unaitwa CGD, na ile jeni mbovu inayouleta, CYBB, iko kwenye kromosomu X. Kaka yako X anayo moja tu, ndo maana seli zake nyeupe zinameza bakteria na fangasi halafu zinashindwa kuwaua. Sisi wanawake tunazo mbili na kila seli inazima moja, kwa hiyo ukiibeba hiyo jeni seli nzima na mbovu zinachanganyika mwilini, unajiona mzima kabisa kumbe ngozi inatoa mabaka kama ya lupasi, ule ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, jua likipiga yanachachamaa, vidonda vya mdomoni juu yake. Na ukipima lupasi kwenye damu mara nyingi haionekani, usije ukanirudia umefurahi na hiyo karatasi. Mtaje kaka yako, omba kipimo cha DHR, kile cha damu kinachoangalia kama seli nyeupe zina nguvu ya kuua vijidudu. D, H, R, andika hata mkononi.

Ndiyo, nilikugombeza nikasema ni mkorogo. Haya. Na mimi ya kwangu nimeyapaka poda miaka yote hiyo, ningesema mapema pengine kaka yako asingelazwa mara 3 ndo wajue... tuyaache.

Hiyo kazi nimewatangazia watu mpaka wamenichoka. Ila kofia, sanskrini, mikono mirefu. Na kama jeni unayo, ukija kuzaa wa kiume kuugua kwake ni nusu kwa nusu, asichomwe BCG ya kifua kikuu kabla hajapimwa, ile chanjo ina bakteria hai. Najua hata mchumba huna, nyamaza.

Kaka yako septrini na ile ya fangasi, itrakonazoli, anameza vizuri, ila juzi nimemkuta anazoa majani yaliyooza nyuma ya nyumba, nilipiga kelele majirani wakatoka, fangasi ya humo ikiingia mapafuni mwake si mchezo. Eti anasaidia. Ntalitoa mwenyewe hilo rundo jioni jua likipoa, na mi hilo jua nimeanza kulikimbia. Chaja yako iko droo ya juu. Begi zipu imekufa, nimelifunga kamba.

Umepima?

Mama