Barua ya kufunga muhula, na habari za safari ya Chumbe

Ndugu wazazi na walezi,

Assalaam alaykum.

Skuli tunafunga Ijumaa hii. Ripoti zitatolewa saa nne asubuhi, na aje mzazi au mlezi mwenyewe, si jirani. Waliobakisha mchango wa uji wamuone mhasibu.

La kueleza kwa kirefu ni safari ya darasa la sita kisiwani Chumbe, penye mwamba wa matumbawe uliohifadhiwa, kwa sababu baadhi yenu mlikataa kutia saini fomu, hasa za watoto wa kike. Hofu yenu naielewa, bahari si ya kuchezea. Lakini kila mtoto alivaa jaketi la kuokolea, na wasichana waliingia majini na walimu wa kike, wamejisitiri kwa suruali, mikono mirefu na ushungi. Miongoni mwa walinzi wa pale wamo waliokuwa wavuvi kabla mwamba ule haujahifadhiwa mwaka 1994, na bahari wanaijua.

Darasani tunaandika ubaoni kwamba matumbawe ni viumbe hai, mtoto anakariri, anapata alama zake, na moyoni anajua ni mawe tu. Kule alivaa miwani na mrija, akatia uso majini, akamwona pono akiguguna mwamba hata mlio wake ukasikika. Mmoja alipoinuka aliuliza: "Nanga ya baba ikidondoka hapa je?" Akaambiwa matumbawe ya mawe makubwa hukua kama sentimita moja kwa mwaka, jiwe la kumfika kiunoni lilianza kabla babu yake hajazaliwa.

Kwa hiyo wazazi wavuvi msishangae mkiulizwa nyumbani habari za nanga na nyavu za juya za kukokota. Hatukuwatuma watoto kuwahukumu. Wajibuni mnavyojua, maana mengi ya bahari nyinyi mnayajua kuliko sisi walimu. Waambieni pia kwamba samaki wa hifadhi wakizidi hutoka nje ya mpaka, na huko ndiko mnakotega.

Chumbe hakuna kisima. Maji ya mvua hukingwa kwenye mapaa, na vyoo ni vya mboji, havitumii maji. Paa letu ni refu, na kila masika maji yake yanaishia kuchimba uwanja! Mzazi fundi wa mifereji au mwenye tangi asilolitumia, aonane nami kabla ya kufungua.

Fomu za safari ijayo ziko kwa mwalimu wa sayansi. Naomba zirudi na saini, za wasichana pia.

Wenu,
Mwalimu Mkuu