Kuchora kunaanzia machoni, si ubaoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na walimu wenzangu wa hapa Kigoma, na wakuu wa shule ambao ndio wenye ratiba mikononi. Sanaa na Michezo ni somo lililomo kwenye mtaala wa msingi, lakini kipindi cha kuchora katika madarasa mengi kinakwenda hivi: mwalimu anachora ua au nyumba ubaoni, wanafunzi wanaiga, kisha anapita na kalamu nyekundu kumpa alama nyingi aliyekaribia zaidi. Muhula haujaisha, darasa tayari limegawanyika. Wapo watano "wenye kipaji", na waliobaki wote wanasema hawajui kuchora. Mgawanyiko huo tumeuleta sisi walimu.

Sisemi kunakili ni kosa. Mtindo wa uchoraji alioanzisha Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968 umeendelea tangu afariki mwaka 1972 kwa sababu wanafunzi walikaa kando ya mafundi wakafuata mkono wao. Lakini anayekaa kando ya fundi anaona kazi inavyojengwa: rangi ya nyuma kwanza, umbo, halafu mapambo. Mtoto anayeiga ubao anapewa mistari iliyokwisha kuamuliwa na mtu mwingine, na macho yake hayana la kufanya.

Weka kitu halisi mezani. Hapa kwetu mgebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, anatosha kabisa: wawili au watatu kwenye masinia, kipindi cha asubuhi kabla joto halijamharibu, wanafunzi wamezunguka kwa makundi. Dakika tano za kwanza penseli zikae chini. Uliza tu. Jicho liko karibu na mdomo au katikati ya kichwa? Taya lipi limetokeza mbele, la juu au la chini? Kichwa kinaingia mara ngapi kwenye urefu wa mwili? Ukiwaachia wachore bila maswali hayo, wote watakuletea samaki mmoja, yai lenye pembetatu nyuma, kwa sababu ndiye waliyemzoea vichwani.

Kisha wafundishe kupima. Mkono unanyooshwa hadi kiwiko kisikunje, jicho moja linafumbwa, ncha ya penseli inawekwa kwenye mwanzo wa kitu na kidole gumba kinateleza hadi mwisho wake. Kiwiko kikikunjwa kipimo kinabadilika, ndiyo maana utaona kichwa kikubwa na mwili uliobanwa. Mistari ya kwanza iwe hafifu na ionyeshe samaki mzima kwenye karatasi nzima. Anayeanza na jicho akalimaliza na magamba yake, mkia utamwishia nje ya karatasi. Na ufutio usitumike dakika 20 za mwanzo. Mtoto akifuta kila mstari anatoboa karatasi, tena anapoteza alama inayomwonyesha amekosea kwa kiasi gani.

Kitu kingine kizuri ni sufuria. Karibu kila mtoto huchora mdomo wake ukiwa na ncha kali pande mbili, na kitako amekipiga mstari ulionyooka. Usimwambie "si hivyo". Inua sufuria hadi usawa wa macho yake: mdomo unakuwa mstari mmoja. Ishushe polepole: mdomo unafunguka, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyozidi kuwa wa mviringo. Hapo ataelewa mwenyewe kwa nini kitako, kilicho chini zaidi ya macho, hupinda kuliko mdomo. Kwa uso wa mtu neno moja latosha: macho yako katikati ya kichwa kizima, si juu. Watoto huyapandisha kwa kuwa wanasahau paji la uso na nywele.

Nalisisitiza hili kuliko yote: mwalimu asiguse kazi ya mtoto. Ukimrekebishia taya kwa mkono wako, mchoro utapendeza na mtoto atajua kwamba hauko tena wake. Chora kipande hicho pembeni, kwenye karatasi yako, mwache arudi kwenye yake. Maneno nayo yalenge mahali. "Vizuri" haimsaidii mtu, na "mbaya" inamfungia mlango. Sema: "Tazama tena mkia, umeupima na kichwa?" Darasa la wanafunzi 60 huwezi kulizunguka lote kwa kipindi kimoja, chagua kumi, andika majina na jambo moja kwa kila mmoja kwenye daftari lako, kipindi kijacho wengine kumi. Baada ya vipindi sita hakuna aliyesahaulika, hata yule mkimya wa dawati la nyuma.

Asiyegusa karatasi kabisa mara nyingi anaogopa ukubwa wa kazi. Kata tundu la sentimita 6 kwa 8 kwenye karatasi ya manila, atazame kupitia humo na achore kile tu kinachoonekana, pezi moja au jicho. Mwenye uoni hafifu apewe kitu kikubwa, akae karibu nacho. Anayetumia mkono wa kushoto akae mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko visigongane, na aanzie kulia kwa karatasi asije akaburuza mkono juu ya mkaa.

Najua jibu linalokuja: vifaa hakuna. Mkaa wa kuchorea unatengenezwa shuleni. Chukua vijiti vikavu vyepesi, unene wa penseli, menya magome, vipange vikibanana kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati, toboa tundu dogo la msumari, weka kwenye moto. Moshi utatoka tunduni. Ukikoma, kwa kawaida baada ya saa moja hivi, ondoa kopo na uliache lipoe kabisa. Ukifungua likiwa la moto hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu. Mti mgumu hutoa mkaa mgumu unaokwaruza karatasi.

Rangi iko ardhini. Koroga udongo mwekundu kwenye ndoo ya maji, subiri dakika moja mchanga utuame, mimina maji yenye tope kwenye ndoo nyingine ukichuja kwa kitambaa. Asubuhi mwaga maji yaliyotulia juu, anika tope, saga. Pika vijiko viwili vya unga wa muhogo kwa kikombe kimoja cha maji, ukianza kukoroga na maji baridi, hadi uji ung'ae. Changanya vijiko viwili vya udongo na kimoja cha uji, ongeza maji kidogo kidogo. Uji ukizidi rangi inapasuka ikikauka. Ukipungua inapukutika kidoleni. Pika wa siku hiyo tu, maana kwa joto letu unachacha upesi. Nyeupe tumia chaki iliyosagwa, si chokaa, kwani chokaa huunguza macho na ngozi. Binzari ya manjano inapendeza siku ya kwanza, lakini jua huifubaza haraka. Brashi ni kijiti cha mswaki kilichopondwa ncha.

Alama nazo zipimwe upya. Kati ya 20, napendekeza 8 ziwe za uangalizi, 5 za namna alivyotumia kifaa, 4 za alichorekebisha kati ya jaribio la kwanza na la mwisho, na 3 za kueleza kazi yake kwa mdomo. Kwa hiyo jaribio la kwanza lisitupwe, likusanywe pamoja na la mwisho.

Wakuu wa shule nawaomba mambo mawili. Vipindi viwili vya dakika 40 vifuatane, kwa sababu kimoja kinaishia kwenye kugawa karatasi na kunawa mikono, na visichukuliwe kufidia Hisabati mtihani ukikaribia. Na siku ya kikao cha wazazi, tungeni kamba ukutani, mbane kazi moja ya kila mtoto kwa vibanio vya nguo. Kila mtoto, si kumi bora.

Mwalimu wa sanaa,
Ujiji, Kigoma.