Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: hela, Kimbiji na safari ya Mtwara

Wanachama wenzangu wa klabu yetu ya baiskeli, habari za siku nyingi. Najua taarifa ya mwenyekiti huwa mnaipitia juu juu mkitafuta hela zimeenda wapi, kwa hiyo nianze na hela: ada zimekuja kwa kusuasua kama kawaida, mweka hazina ana daftari lake ataliweka mezani siku ya mkutano, kilichonunuliwa ni mahema mawili ya mtumba, pampu na sufuria kubwa, basi. Jumapili zetu za Bagamoyo na Kigamboni zimeendelea, waliokuja walikuja.

Sasa ishu yenyewe iliyotugawa mwaka mzima, safari ya pwani ya kusini, wiki tatu, baiskeli na mahema. Kamati ilivyoanza kupanga kila mtu alikuwa anawaza kutoka Dar kwenda Mtwara maana ndo rahisi, unatoka getini kwako unapiga pedeli. Mimi nilipinga na bado napinga. Tumeshakubaliana kwenda Julai masika yakiwa yameisha, na Julai upepo ni kusi, unavuma kutoka kusini, sasa mtu aniambie kwa nini tupambane nao uso kwa uso kilomita kama 560, tena na mzigo kwenye keria. Manahodha wa majahazi walikuja na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, wakarudi na kusi miaka mia kwa mia na hakuna aliyejifanya mjuaji. Baiskeli zipande basi mpaka Mtwara, tuanzie kule, upepo utusukume mgongoni mpaka nyumbani. Nimeshaulizia kwa makonda, baiskeli inalipiwa kama mzigo na bei ni maelewano, ila utoe tairi la mbele na pedeli na ugeuze usukani. Kuna aliyesema basi twende Januari tukitokea Dar, kaskazi itakuwa mgongoni. Sawa, upepo atakuwa nao, ila joto la Januari juu ya lami ya Lindi saa sita mchana atalivaa peke yake mimi sipo.

Njia yenyewe: Mtwara na Mikindani ni pua na mdomo, hiyo siku ya kwanza ni ya kuzoea mzigo tu, halafu Mingoyo, Lindi, Mchinga, tunapanda mpaka Nangurukuru tunakata kulia kwenda Kilwa. Kilwa siku tatu na sijadiliani. Kibali cha kwenda Kilwa Kisiwani kinachukuliwa Kilwa Masoko kabla hujapanda mashua, msikiti mkuu na Husuni Kubwa viko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 1981 na wengi wetu tumezeeka Dar hatujawahi kuviona, aibu kweli. Asiyependa magofu abaki Masoko ale pweza. Tukirudi barabarani kuna Somanga, pale ndo njia ilikatika Mei 2024 ile mvua na kimbunga Hidaya, ndio maana nang'ang'ania tusiende masika bado yananyesha. Daraja la Mkapa tulivuke mapema tukalale Ikwiriri mjini, asitokee mtu na wazo la kusimika hema kando ya Rufiji eti panapendeza, mamba na viboko nao wanapapenda. Mwishoni tunaikwepa Mbagala na malori yake, tukifika Kongowe tunachepuka Kibada, tunamalizia kwa pantoni.

Kuhusu kulala, lile jaribio la kulala kwenye mahema ufukweni Kimbiji limetufundisha. Ilikuwa mwezi mpevu, yani wakati wa bamvua, maji yanajaa kupita kawaida, na kuna wenzetu walisimika hema kwenye mchanga mzuri uliolala vizuri, chini ya ule mstari wa mwani mkavu. Saa tisa usiku ndala zinaelea, mtu kakumbatia godoro anatafuta tochi kwa miguu. Ule mwani ndo unakuonyesha maji yaliishia wapi, hema linakaa juu yake, mbali kabisa, na siyo chini ya mnazi pia maana nazi haina urafiki. Vijijini hatulali kabla mtendaji au mwenyekiti wa kijiji hajaziona sura zetu, watu wazima na mizigo wamejificha kichakani bila kupiga hodi lazima waitiwe sungusungu, na mimi nitakuwa upande wa sungusungu.

Vifaa sitaki maneno mengi. Tyubu za inchi 26 na 28 utazikuta mpaka kwenye kiduka cha kijijini pembeni ya sabuni, wenye 29 mbebe zenu za kutosha. Mabegi ya bei mbaya siyo lazima, fundi wetu kakata madumu ya lita 20 ubavuni kayafunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu kuukuu, mchele haukulowa hata punje. Barabarani tunaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, saa tano tuko kivulini, lori likipiga honi nyuma unashuka mchangani bila ubishi.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa nne, palepale. Kura ni moja tu, tuanzie Mtwara au Dar. Mwenye deni la ada hapigi kura, na lile pendekezo la kukodi kirikuu kitufuate nyuma na magodoro lilishakataliwa, msilirudishe.