Mdogo wangu Daktari, usinyamaze

Mdogo wangu,

Mama amenipigia tangu alfajiri. Anasema wakubwa wako wa kazi wamekuita, eti umegombana tena na watu wa kese, wale wapokea malipo, juu ya mgonjwa asiye na pesa. Anataka nikuambie utulie. Nimekataa. Simu yako haipokelewi, basi nakuandikia hapa, na wengine wasome.

Wanaokuita daktari leo hawajui kwamba kazi hii uliianza ukiwa na miaka kumi na mmoja, unashuka kutoka mtaa wa Kadutu kwenda hospitali na termosi ya uji. Mama alikuwa amepasuliwa, akapona, ila faktire, deni la hospitali, haikuisha, basi akazuiliwa humo mpaka ilipwe. Ndivyo watu walivyosema: amewekwa. Wiki tano. Kitanda akapewa mwingine, yeye akalala kwenye mkeka kando ya ukuta pamoja na wanawake watatu wenye vichanga, na kila jioni mlinzi alipita akihesabu vichwa. Siku baba alipouza cherehani tukatoka. Njiani ukauliza, "Na wale watatu?" Hakuna aliyekujibu.

Naona bado unauliza.

Najua umechoka kulinganishwa na Daktari Mukwege, yule anayetibu na kuwasemea wanawake waliobakwa vitani. Bukavu hii, huku mashariki ya Kongo, kila anayevaa blauzi nyeupe ya daktari anapimwa kwa Nobel yake ya 2018, hata kama yeye anapima presha tu mtaani Bagira. Lakini kumbuka mananasi. Oktoba 2012 alishambuliwa nyumbani kwake, akaondoka nchini. Kina mama wa kisiwa cha Idjwi, watu wasio na kitu, wakauza mananasi ili ipatikane tiketi ya kumrudisha. Januari 2013 akarudi, barabara ikajaa watu. Aliyewasemea, wao nao walimsemea.

Sasa nikuambie na lisilopendeza. Juzi nilikaa kwenye benchi ya kituo chako, hukuniona. Ulimwelezea bibi mmoja wa Walungu dawa zake kwa Kifaransa kitupu. Akaitikia "wi dokta, wi dokta" kwa heshima zote, kisha alipotoka akaja kuniuliza mimi, nisiyejua chochote, kama kile kidonge cheupe ni cha kabla ya kula au baada. Kwa hilo huna wa kugombana naye. Mchoree jua na mwezi kwenye boksi la dawa, kama unavyomchorea mama.

Jumapili njoo, kuna sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mama atakusema, mwache aseme. Nadhani hajawahi kukuambia: wiki ile ile tuliyotoka, alirudi pale na ndoo ya bugali na sombe, majani ya muhogo, kwa wale watatu. Mlinzi akakataa kufungua, mama akakaa mlangoni mpaka akafungua. Ndoo niliibeba mimi.

Yaya wako, ndugu yako mkubwa