Salamu za Krismasi: Majina Tuliyopewa

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, Bwana Yesu asifiwe. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu tumefikishwa tena kwenye Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Mwokozi, ingawa hatukufika sote. Mwaka umekuwa mzito. Unga, mafuta ya kupikia na nauli vimepanda, na wengi wameahirisha safari ya nyumbani. Sisi tulimzika baba yetu, mzee Zakaria, kabla masika hayajaisha.

Jina lake ndilo lililonirudisha kwenye sura ya kwanza ya Luka katika Majilio haya. Kwa Waebrania wa kale, jina la mtu mara nyingi lilikuwa sentensi nzima, na Mungu alitajwa ndani yake kwa “El” au kwa “Ya”, kifupi cha jina lake takatifu. Zakaria, yule kuhani wa sura hiyo, ni “Bwana amekumbuka”. Mkewe Elisabeti kwa Kiebrania ni Elisheba, jina la mke wa Haruni katika Kutoka 6:23, nalo hufasiriwa “Mungu wangu ni kiapo”. Mwana wao Yohana ni “Bwana amefadhili”. Jirani na jamaa walitaka mtoto arithi jina la baba yake, kama ambavyo nasi tungetaka, lakini kuhani yule, aliyekuwa bubu, akaandika kibaoni kwamba jina lake ni Yohana. Ulimi wake ulipofunguka akamsifu Mungu, na katika mstari wa 72 na wa 73 akataja rehema, kukumbukwa kwa agano, na kiapo alichoapiwa Ibrahimu: majina yote matatu ya nyumba yake yamo humo! Naye Yesu, kwa lugha ya kwao Yeshua, alipewa ufupisho wa jina la Yoshua mwana wa Nuni, “Bwana ni wokovu”, na Mathayo 1:21 inatueleza kwa nini.

Si majina yote yalizaliwa katika furaha. Raheli, akikata roho njiani kwenda Efrathi, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu. Yakobo akambadilisha kuwa Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Mwaka huu nimemwelewa Raheli zaidi. Baba alituita kwa majina kamili, bila kukata hata silabi, na tangu aondoke hakuna aniitaye hivyo.

Enyi wazazi vijana, nawasihi msiokote jina kwa uzuri wa mlio wake tu. Mwombeeni mtoto kwanza, kisha mwambieni mapema jina lake linasema nini, mkaishi mbele yake kwa namna isiyolikanusha. Anayemwita bintiye Neema na awe na neema kwake. Aliyemwita mwanawe Yohana asimfundishe ukatili. Wafiwa nao tuwatembelee, tukiwataja marehemu wao kwa majina.

Nawatakia nyote Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya, wenye afya, amani na riziki ya halali. Mungu awabariki.