Ulizeni kama mrija una maji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanawake wanaojiandaa kupandikizwa mimba, na madaktari wao pia.

Mirija yangu ya uzazi iliziba kwa klamidia ambayo sikuwahi kuihisi. Ndivyo ilivyo klamidia: mara nyingi haiumi, ila huacha makovu. Nilipoanza matibabu niliambiwa nisiisumbukie mirija, kwa kuwa yai hurutubishwa maabara na kiinitete huwekwa moja kwa moja kwenye mji wa mimba. Kweli, njia hii ilianza kwa ajili ya watu kama mimi. Mama wa Louise Brown, mtoto wa kwanza kuzaliwa hivyo mwaka 1978, naye mirija yake ilikuwa imeziba.

Lakini mrija ulioziba upande wa ovari unaweza kujaa maji, nayo maji huchuruzika kurudi kwenye mji wa mimba, palepale kiinitete kinapotafuta pa kujishikiza. Tafiti zinaonyesha kuwa tatizo hili hupunguza nafasi ya mimba ya kupandikizwa kwa karibu nusu. Wala si habari ya jana: mwaka 1999 watafiti wa nchi za Skandinavia walionyesha kuwa kuutoa mrija wa namna hiyo kabla ya kupandikiza huongeza mafanikio, hasa maji yakiwa mengi kiasi cha kuonekana kwenye altrasaundi.

Yangu yalionekana. Viinitete vilivyosifiwa kuwa vizuri vilikuwa vimeshindwa kushika, na kila nikiuliza naambiwa ni umri. Sibishi, mayai yakizeeka hukosea kugawana kromosomu. Ila umri hauna dawa, mrija unayo! Daktari mwingine ndiye aliyenigeuzia skrini nikaona: kitu cheusi, kirefu, kimepinda kama soseji kando ya ovari.

Kwa hiyo dada zangu, kabla ya sindano ya kwanza ulizeni: mrija una maji? Kama yamo, hutolewa au hubanwa karibu na mji wa mimba, kwa upasuaji wa matundu madogo. Nanyi madaktari, mtuelezeni bila haraka, maana kukubali kutolewa mirija yote miwili ni kuaga kabisa mimba ya kawaida, na mwanamke anahitaji muda wa kulia kwanza kabla ya kutia saini.

Msomaji wako,
Jina limehifadhiwa